Kiwavi wa Milimita Mbili: Picha Safi ya Karibu Hutoka Wapi

Mwezi Mei, mahindi ya Kapseret, Uasin Gishu, yakiwa yamefika magotini, picha huanza kumiminika kwenye simu za maafisa wa kilimo na za wenye agrovet, kutoka Langas hadi Ngeria. Ni picha za majani yaliyotobolewa, za kinyesi cha wadudu kilichojaa katikati ya mmea kama unga wa mbao, na za viwavi wenyewe. Nyingi hazisaidii. Kidole cha aliyeshika kiwavi kimetoka vizuri, kila mstari wa ngozi unahesabika, lakini kiwavi mwenyewe ni doa la kahawia lisilo na mwanzo wala mwisho. "Mama, huyu ni yule wa madoa manne au ni funza wa bua?" kijana wa agrovet huuliza. "Si ndiye huyo, kijana wangu, mwangalie!" Na wote wawili huinamia kioo cha simu, wakiikuza picha kwa vidole viwili, wakitafuta kitu ambacho hakikuingia ndani yake tangu mwanzo.

Swali hilo lina uzito. Kiwavijeshi vamizi, mdudu wa asili ya nchi za joto za bara la Amerika, alionekana Afrika mwaka 2016 na kufika Kenya mwaka 2017, na hajaondoka. Hutambuliwa kwa alama mbili: mistari myeupe usoni iliyokaa kama herufi Y iliyopinduliwa, na madoa manne meusi yaliyojipanga katika pembe za mraba kwenye pingili ya pili kutoka mwisho wa mwili. Funza wa bua wa nyanda za juu, Busseola fusca, hana mraba huo. Kiwavijeshi wa Afrika, yule anayetembea kwa makundi na kumaliza nyasi na nafaka kwa siku chache, hana pia. Mkulima anayewachanganya hununua dawa isiyofaa, au huinyunyiza wakati usiofaa, na mdudu hutumia siku hizo kuzama ndani zaidi ya mmea. Akishazama, kinyesi chake mwenyewe huziba mlango na dawa haimfikii. Ndipo penye ugumu wa picha hizi: kiwavi aliye rahisi kupigwa picha, yule wa sentimita 3 au 4, ndiye ambaye dawa imechelewa kumkuta, na yule ambaye dawa bado inamkuta ana milimita mbili tu.

Wengi wakiona picha ina ukungu huilaumu kamera, na dukani huambiwa watafute yenye megapikseli zaidi. Kwa picha za karibu ushauri huo hauna msingi. Kamera yoyote ya lenzi za kubadilisha iliyotengenezwa katika miaka 15 iliyopita inaweza kumwonyesha kiwavi huyo hadi nywele zake. Kinachokosekana ni uamuzi. Ukisogelea kitu kidogo, sehemu inayoweza kutoka safi hupungua hadi kufikia milimita moja au chini yake, na mpiga picha anapaswa kujua kabla ya kubonyeza kitufe milimita hiyo ataitumia wapi. Tundu la lenzi, fleshi, tripodi na programu za kompyuta ni njia za kuulinda uamuzi huo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuufanya kwa niaba yake.

Rula ya shule yatosha kulithibitisha hili. Ilaze mezani, iangalie na kamera kwa mshazari wa digrii 45, lenga mstari wa sentimita 5, piga. Kisha hesabu mistari ya milimita iliyotoka safi mbele na nyuma ya ule ulioulenga. Tuseme lenzi ni ya makro na imesogezwa hadi kitu kiangukie kwenye kihisi kwa ukubwa wake halisi, milimita kwa milimita. Tuseme tundu ni f/8 na kihisi ni cha APS-C, ukubwa uliomo katika kamera nyingi za bei ya kati. Kina cha fokasi, yaani unene wa sehemu inayotoka safi, hapo ni takriban milimita 0.64. Kwenye rula utaona mstari mmoja safi, na majirani zake wa pande zote mbili wameshaanza kufifia. Kichwa cha kiwavi mkubwa kina upana wa milimita 2.6 hivi. Ukilenga paji la uso, sehemu ya nyuma ya kichwa imekwisha kupotea, na yale madoa manne ya karibu na mkia ni kama hayakuwahi kuwepo.

Ushauri wa kawaida ni kuliziba tundu: toka f/8 nenda f/16, kina kitaongezeka maradufu. Hesabu hiyo ni kweli, lakini mwanga una sheria nyingine ambayo huachwa bila kutajwa. Lenzi inapotoa picha ya ukubwa halisi, tundu la f/16 hufanya kazi kama f/32, kwa sababu lenzi imesogea mbali na kihisi. Mwanga unaopita kwenye tundu dogo hivyo hutawanyika kingoni, na nukta moja ya kitu haibaki nukta tena. Hutua kwenye kihisi ikiwa duara la milimita 0.043. Pikseli moja ya kihisi cha APS-C cha megapikseli 24 ina upana wa milimita 0.004 tu. Kwa hiyo kila nukta hufunika upana wa pikseli 11, na megapikseli zile ulizozilipia zinarekodi ukungu kwa uaminifu mkubwa. Picha itaonekana na kina zaidi, lakini hakuna mahali ndani yake palipo safi kweli.

Ninachokipendelea ni kurudi nyuma. Ukipunguza ukuzaji kutoka ukubwa halisi hadi nusu yake na kuliacha tundu kwenye f/8, kina cha fokasi hupanda kutoka milimita 0.64 hadi karibu 1.9: mara tatu, na bila kuongeza mtawanyiko. Ukishuka hadi theluthi, unapata karibu milimita 4. Kiwavi atakuwa mdogo kwenye fremu, na hapo ndipo megapikseli zinapopata kazi, kwa maana picha inaweza kukatwa baadaye. Kile kichwa cha milimita 2.6, kikipigwa kwa nusu ya ukubwa, bado kina zaidi ya pikseli 300 kwa upana, na hizo zinatosha kabisa kusoma Y iliyopinduliwa. Wapiga picha wengi hukwama kwa sababu wanataka kiwavi aijaze fremu. Anayetaka kumtambua mdudu hahitaji kuijaza; anahitaji alama mbili zisomeke.

Na yule wa milimita mbili? Kichwa chake hakifiki nusu milimita. Hata kwa ukubwa halisi kitapata pikseli 90 hivi, na isitoshe alama zake hukolea akishakua kidogo. Hapo mpiga picha mwenye busara huacha kumwandama kiwavi na kulipiga jani. Viwavi wachanga hukwangua upande mmoja wa jani na kuacha ngozi nyembamba ya upande wa pili, na jani hubaki na vidirisha vinavyopitisha mwanga. Mayai nayo hutagwa kwa fungu, mara nyingi 100 hadi 200, yakifunikwa na manyoya ya nondo. Jani lina sifa ambayo kiwavi hana: ni bapa. Ukilishika liwe sambamba na kihisi, jani zima linaingia ndani ya ile milimita moja au mbili, na vidirisha vyote hutoka safi kwa pamoja bila gharama yoyote ya ziada. Kulinyoosha jani kwa mkono na kuusawazisha mgongo wa kamera nalo huleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha lenzi. Kwa mwili wa kiwavi kanuni ni ile ile: piga ubavuni au juu yake, kamera ikiwa sambamba na urefu wake, ili kichwa na mkia viwe umbali mmoja kutoka kwenye lenzi. Picha ya kutoka mbele, kiwavi akikutazama, inavutia sana na inaweza kuonyesha Y iliyopinduliwa, ila huyapoteza madoa manne.

Simu inastahili heshima zaidi kuliko inavyopewa na wenye kamera kubwa. Kihisi chake ni kidogo, kwa hiyo kuingiza eneo la sentimita 4 za jani kunahitaji ukuzaji mdogo tu, na ukuzaji ukiwa mdogo kina cha fokasi hupanuka. Kwa jani bapa, simu ya kawaida ikishikwa umbali wa sentimita 15 hivi hutoa picha ambayo afisa yeyote wa nyanjani anaweza kuitumia. Shida huanza mtu anapoisukuma hadi sentimita 4 au 5 kutoka kwa mdudu. Lenzi kuu ya simu nyingi haiwezi kulenga umbali huo, na ndiyo sababu kidole kilicho nyuma kinatoka safi na kiwavi aliye mbele anapotea. Dawa ni kurudi nyuma na kutumia zumu ya mara mbili. Simu nyingi za bei nafuu zilizotoka miaka ya karibu na 2020 zilikuja na kamera ya pembeni ya makro yenye megapikseli 2. Ningemshauri mtu aiache. Lenzi kuu ikirudishwa nyuma kidogo na picha ikakatwa hutoa maelezo mengi zaidi. Simu za bei ya juu ni habari nyingine, kwa sababu lenzi yao pana ina uwezo wa kulenga hadi sentimita 2 au 3, ingawa ukaribu huo huleta kivuli cha simu yenyewe juu ya mdudu.

Adui wa pili ni mwendo, na huyu hudharauliwa sana. Jani la mahindi haliwahi kutulia kabisa. Chukua upepo mwepesi unaolisogeza sentimita 5 kwa sekunde. Shata ikiwa 1/200 ya sekunde, jani linasogea robo milimita wakati picha inapigwa. Kwa ukubwa halisi, robo milimita ni pikseli zaidi ya 60, na hakuna lenzi itakayoirekebisha picha hiyo. Tripodi haisaidii, maana kinachotikisika si kamera. Kizuia-mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi nacho husaidia kwa kiasi tu: vingi vilibuniwa kuzuia kamera isiinuke na kuinama, ilhali katika ukaribu huu mkono unaoyumba kushoto na kulia ndio unaoharibu. Canon walipotoa lenzi yao ya makro ya milimita 100 mwaka 2009, waliweka kwa mara ya kwanza kifaa kinachopima mienendo yote miwili. Hata hicho hakiwezi kulishika jani.

Kapseret ina saa zake. Eneo hili liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri huwa na baridi inayowafanya wadudu wazubae. Umande haujakauka, upepo haujaamka, nyuki aliyelala kwenye ua la alizeti hasogei hata ukimkaribia. Kufikia alasiri za msimu wa mvua, mawingu yamejikusanya na upepo unayumbisha shamba zima. Basi ni asubuhi na mapema. Lakini asubuhi ya hapa ni fupi. Tuko karibu nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, na jua hapa hupanda karibu wima, digrii 15 kwa saa. Vitabu vya Ulaya huzungumzia mwanga laini wa asubuhi unaodumu muda mrefu. Sisi tukishafika saa nne jua limepita nusu ya njia ya kufika utosini, na vivuli vyake ni vikali. Mgongo wa kiwavi unang'aa, upande wa chini ni giza tupu, na alama tunazozitafuta zimezama ama kwenye mng'ao ama kwenye giza.

Kwa sababu hizo mbili, mwendo na jua, nasema bila kusita kwamba mtu mwenye pesa za kununua kitu kimoja anunue fleshi kabla ya lenzi. Fleshi ndogo ya juu ya kamera, ikiwekwa nguvu ya chini, huwaka kwa muda mfupi sana, kama sehemu moja ya 10,000 ya sekunde. Katika muda huo lile jani la sentimita 5 kwa sekunde husogea milimita 0.005, yaani pikseli moja na kidogo. Upepo umeshindwa. Sharti ni kwamba mwanga wa fleshi uwe ndio unaotengeneza picha: shata 1/200, ISO 100 au 200, tundu f/8 au f/11. Kwenye jua kali la mchana sharti hilo huvunjika, kwa kuwa mwanga wa jua nao huingia na kuacha kivuli cha pili cha jani lililosogea. Mwavuli, au mwili wa mwenzako aliyesimama kati ya jua na mmea, humaliza tatizo.

Fleshi tupu, hata hivyo, huacha doa jeupe kwenye kila ngozi inayong'aa. Inapaswa kulainishwa, na ulainishaji hutegemea ukubwa wa chanzo cha mwanga kikilinganishwa na mdudu, pamoja na ukaribu wake. Kipande cha plastiki nyeupe kilichokatwa kwenye mtungi mtupu wa maziwa, kikaja juu ya lenzi na kuinama hadi sentimita 10 hivi kutoka kwa kiwavi, kwake ni sawa na anga zima lenye mawingu. Mwanga unamzunguka kutoka juu na pembeni, na yale madoa manne hujitokeza yalivyo. Ninawafahamu watu walionunua lenzi za gharama kubwa wakaendelea kupiga kwa fleshi tupu, na picha zao hupitwa na za yule mwenye lenzi ya kawaida na plastiki hiyo.

Kuna kazi ambazo bila fleshi hazianzi. Ng'ambo ya ukingo wa Elgeyo, katika Bonde la Kerio, mtafiti Mkenya Dino Martins alichunguza jinsi mipapai inavyochavushwa na nondo wakubwa wanaotoka jioni giza likiingia, na kazi hiyo ilionyesha jinsi mavuno ya mkulima yanavyofungamana na vichaka vya asili vilivyo jirani na shamba lake. Mwaka 2014 kilitoka kitabu chake cha mfukoni kuhusu wadudu wa Afrika Mashariki, na ningependa kila shule ya Uasin Gishu iwe nacho. Nondo wa namna hiyo hatui juu ya ua. Huning'inia hewani mbawa zikipiga kwa kasi isiyoonekana kwa macho. Hakuna ISO wala tundu linaloweza kumshika kwa mwanga wa magharibi.

Vifaa vya kusogelea vina njia zake za bei nafuu. Lenzi ya milimita 18 hadi 55 inayokuja na kamera, ikivutwa hadi mwisho na kusogezwa karibu inavyokubali, hufikia theluthi ya ukubwa halisi, na kwa majani na mafungu ya mayai hakuna haja ya zaidi. Pete za kuirefusha lenzi hazina kioo ndani. Kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na kihisi. Pete za milimita 25 nyuma ya lenzi ya milimita 50 hukupa nusu ya ukubwa halisi. Nunua zenye vigusio vya umeme, kwani bila hivyo kamera nyingi za kisasa haziwezi kuliendesha tundu, na tundu lililo wazi kabisa hukurudisha kwenye kina cha chini ya nusu milimita. Kioo cha kuongezea mbele ya lenzi ndefu nacho ni kizuri kama kina vipande viwili vilivyogandishwa pamoja. Kile cha kipande kimoja husafisha katikati na kuvuruga kingo. Wengine huigeuza lenzi nyuma mbele. Inafanya kazi, lakini sehemu ya ndani ya lenzi hubaki wazi, na Januari hapa vumbi la murram huingia kila mahali. Lenzi halisi ya makro ndiyo bora kama pesa zipo, na kati ya ile ya milimita 60 na ile ya milimita 100 ningechukua ya pili: kwa ukubwa halisi inakuacha sentimita 15 hivi kutoka kwa mdudu badala ya 10 au chini, na nafasi hiyo ndiyo unayopitia mwanga.

Ulengaji wa kujiendesha wa kamera huhangaika katika ukaribu huu. Huenda mbele, hurudi nyuma, kisha hukamata jani lililo nyuma ya mdudu. Uzime. Weka lenzi kwenye ukuzaji unaoutaka, usiguse pete yake tena, kisha sogea wewe mwenyewe. Kiwiko kikiwa kimeegemea goti, mkono wa kushoto ushike bua la mmea huku kiganja kikibeba lenzi, ili kamera na mmea viyumbe pamoja. Inama polepole hadi jicho la kiwavi, au doa la kwanza la ule mraba, liwe safi kwenye kitafutio, bonyeza, endelea kuinama, bonyeza tena. Katika picha 8 au 10 za mfululizo mbili zitakuwa zimeangukia pale pale. Kazi hii inahitaji subira na magoti yaliyo tayari kulowa.

Ipo pia njia ya kupiga picha nyingi, kila moja ikilenga milimita tofauti kidogo, halafu programu ya kompyuta ikachukua sehemu safi ya kila moja na kuziunganisha. Mwingereza Levon Biss alionyesha mwaka 2016, katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Oxford, picha za wadudu ambazo kila moja ilijengwa kwa picha zipatazo 8,000. Ni kazi ya kustaajabisha, na inahitaji mdudu aliyekufa, aliyechomekwa pini, ndani ya chumba kisicho na mtikisiko. Shambani njia hii huvunjika mara jani linapopunga. Kwa anayetaka kuweka kumbukumbu za mayai, za punje za mahindi zilizoota ukungu au za mbegu za magugu, mezani nyumbani, picha 10 au 20 zinatosha na programu za bure zipo.

Baada ya picha kupigwa huja hatari ninayoiona kuwa kubwa zaidi, kwa sababu haionekani. Simu za leo huikoleza picha zenyewe: hutafuta kingo na kuzichora upya kwa nguvu, hulainisha chembechembe, na mara nyingine huweka maumbo pale ambapo lenzi haikuona kitu. Picha huonekana safi sana kwa mbali. Ukiikuza unakuta utepe mweupe kando ya kila ukingo, na mgongo wa kiwavi una michirizi isiyolingana na ya kiwavi yeyote aliye hai. Kwa picha ya harusi hili halidhuru. Kwa picha ambayo mtu atanunulia dawa, madoa yaliyobuniwa na simu ni mabaya kuliko ukungu, kwani ukungu angalau humfanya anayeiangalia asite. Kamera inayohifadhi faili ghafi isiyochakatwa huepusha hili, na simu nyingi sasa zina uwezo huo kwenye mipangilio yake. Kisha hufuata safari ya WhatsApp, ambayo hupunguza ukubwa wa picha ili ipite haraka. Ukiituma kama dokumenti, inafika ilivyo. Nimeona picha nzuri zikiharibikia hapo, hatua ya mwisho kabisa, na mkulima akiambiwa arudi shambani.

Mashine nazo zimeanza kuziangalia picha hizi. Nuru, programu ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State iliyoundwa kwa kushirikiana na FAO na taasisi nyingine, ilianza kutumiwa kwa kiwavijeshi vamizi mwaka 2018. Inazungumza Kiswahili na hufanya kazi bila intaneti. Huelekezwa kwenye jani na kutafuta dalili za kuliwa. Kwa upande wa mihogo, ambako ilijaribiwa mapema, ilibainika kwamba kupima majani sita ya mmea mmoja huleta jibu sahihi zaidi kuliko kupima moja. Fundisho hilo linamfaa hata asiye na programu: picha tano za kawaida za mimea tofauti zina ushahidi zaidi kuliko picha moja ya kupendeza.

Usafi wa picha una mpaka wake, na Uasin Gishu inaujua mpaka huo kupitia ngano. Kutu ya shina hutokea kwa vipele vya rangi ya tofali, na ukisogea karibu unaona ngozi ya shina imepasuka na kuchanika kandokando ya kila kipele. Kutu ya manjano hujipanga kwa mistari ya vipele vidogo kwenye jani. Picha nzuri ya nusu ya ukubwa halisi huzitofautisha hizo mbili bila shaka yoyote. Haiwezi kusema ni aina gani ya kutu ya shina. Ug99, iliyoonekana Uganda mwaka 1998 na kuishinda kinga ambayo ngano ya dunia ilikuwa imeitegemea kwa miaka mingi, inafanana kwa macho na kutu nyingine za shina. Ilitambuliwa kwa kupandwa kwenye ngano za aina mbalimbali na kuangalia ni ipi inayougua; kituo cha utafiti cha Njoro kimekuwa kitovu cha kupima ngano dhidi yake kwa Afrika na kwa wakulima wa ngano wa mabara mengine.

Ugonjwa hatari wa mahindi ulioripotiwa Bomet mwaka 2011 hauwezi kutambuliwa kwa picha ya karibu hata kidogo. Virusi viwili hukutana ndani ya mmea mmoja. Majani hupata manjano ya madoadoa, hukauka kuanzia kingoni, na jani lenyewe, hata likipigwa kwa ustadi wote, hufanana na la mmea ulionyimwa mbolea au uliopigwa na kiangazi. Jibu hutoka maabara, kwa jani bichi lililokatwa na kufungwa vizuri. Picha inayosaidia hapo ni ile inayopigwa mtu akiwa amesimama wima, mistari kumi ya mahindi ikiwa ndani ya fremu, ili ionekane kama mimea iliyougua imejikusanya pembeni, imetawanyika shamba zima, au inafuata njia ya maji. Kwa hiyo anayetuma swali kutoka shambani kwake na atume picha tatu: shamba, mmea mzima kuanzia ardhini, kisha ile ya karibu, rula ikiwa imelazwa kando ya jani.